UMEME WA BARABARANI NA MOSHI WA JIKONI



Siku hizi maneno ya motokari za umeme yamekuwa mengi katika kambi. Vijana wanaziona katika simu zao, na kila mtu anajua kama shaba na kobalti tunazotoa udongoni zinakwenda mbali kutengeneza batri zao. Kwa hiyo swali limetoka, na linaulizwa hata kwenye benchi la dispanseri pale watu wanapongojea sindano: kwa nini hawasimamishi nguzo za kujazia umeme katika miji yetu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, ili kila mwenye motokari apite ajaze batri yake kama wanavyofanya Ulaya?

Swali ni zuri. Watu wa hesabu na mafundi wa umeme ndio wenye kulijibu kwanza, lakini naona kama watu wa afya nao wana neno lao, kwa sababu katika jambo hili kuna moshi, kuna moto, na kuna mapafu ya watu. Nitasema maoni yangu wazi. Asiyekubali aandike kwa mkubwa wa gazeti, tutajibizana kwa heshima.

Tuangalie kwanza wale waliotangulia.

Huko Marekani, mwezi wa Novemba 2021, Raisi Joe Biden alitia sahihi sheria iliyotenga dola miliardi 7 na nusu kwa ajili ya vituo vya kujazia motokari. Miliardi 5 zilikuwa za barabara kubwa. Masharti yake yalikuwa magumu: kituo kimoja kila kilometa 80 kadiri, na katika kila kituo motokari nne ziweze kujaza kwa mara moja, kila moja ikipata kilowati 150. Feza zilikuwako, sheria ilikuwako, lakini kituo cha kwanza cha mpango ule wa barabara kubwa kilifunguliwa Desemba 2023 tu, katika jimbo la Ohio. Ni miaka miwili nzima. Kiisha serikali ikabadilika, na Februari 2025 mpango ukasimamishwa. Agosti ya mwaka ule ule ukafunguliwa tena kwa masharti mengine. Mtu asifikiri kama ni uvivu wa Wamarekani. Nguzo yenyewe ni kitu kidogo. Kinachokula feza na siku ni kile ambacho mpita njia hakioni: kiwanja, ruhusa, kabine ya umeme, waya mnene wa kuzikwa chini, na fundi wa kuitazama kila wakati isije ikafa.

Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zilifanya sheria yao katika mwaka wa 2023, inayotaka vituo kila kilometa 60 katika barabara zao kubwa. Uingereza ilitangaza mwaka wa 2022 kama inataka nguzo 300,000 mpaka mwaka wa 2030. Lakini pale Uingereza kulitokea jambo ambalo sisi wa kambi tutalielewa upesi kuliko wao. Mwenye nyumba yenye uwanja alijaza motokari yake nyumbani usiku, akalipa kodi ya 5 kwa mia juu ya umeme. Mwenye kupanga chumba ghorofani, asiye na uwanja, alikwenda kwenye nguzo ya barabarani, na kwa miaka mingi alihesabiwa kodi ya 20 kwa mia. Umeme ni ule ule. Kwetu, yule asiye na konta yake, anayevuta waya kwa jirani, analipa namna gani? Mnajua wenyewe.

Nchi iliyofika mbali zaidi ni Norvejia. Katika mwaka wa 2024, kati ya motokari mpya 100 zilizouzwa kule, karibu 89 zilikuwa za umeme tupu. Wengine husema: Norvejia umeme wake unatoka katika maji, na umeme wa Congo unatoka katika maji, basi nasi tunaweza. Hapo napenda tusimame kidogo. Wale ni watu milioni 5 na nusu, kila nyumba ina umeme, na maporomoko yao yanawapa zaidi ya wanavyohitaji katika miaka mingi. Tena serikali yao ilikubali tangu zamani kupoteza kodi nyingi ili watu wanunue motokari hizo. Ni mwaka wa 2023 tu ilipoanza kudai kodi ya mauzo juu ya zile za bei kubwa. Sisi maporomoko tunayo, lakini kati ya watu watano wa Congo ni mmoja tu kadiri aliye na umeme nyumbani. Kufanana kwa mito si kufanana kwa nyumba.

Sasa tuseme faida, kwa sababu ziko, na mtu asiyezisema hafanyi hesabu ya haki.

Faida ya kwanza ni kazi yetu wenyewe. Motokari ya umeme inatumia kadiri ya kilo 80 za shaba, mara tatu au zaidi kuliko motokari ya esanse. Nguzo, kabine na waya zake nazo ni shaba. Katika mwaka wa 2024 Congo ilikuwa ya pili duniani kwa kutoa shaba, na kadiri ya robo tatu ya kobalti yote iliyochimbwa duniani ilitoka kwetu. Kwa hiyo, wakati mtu wa Ohio au wa Oslo anapoogopa kununua motokari kwa kukosa pahali pa kujazia, hofu yake inafika hadi kwenye mfuko wa mshahara wa Kolwezi. Mimi nafurahi wanapojenga vituo vyao. (Kwa kobalti peke yake tusijivune sana: batri za chuma na fosfati hazina kobalti hata kidogo, na motokari nyingi za China zinazitumia. Na katika Februari 2025 serikali yetu yenyewe ilifunga mlango wa kobalti kwa kuwa bei ilikuwa imeanguka, kiisha tangu Oktoba ikaweka kipimo cha kila kampuni. Shaba ndiyo haina mbadala wa upesi.)

Faida ya pili ni ya mapafu. Moshi wa mazutu si uchafu wa nguo tu. Katika Juni 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya la Dunia, kule Lyon, waliuweka katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa mwanadamu. Na moja ya sababu zilizowafanya wakate neno hilo ni uchunguzi uliofanywa juu ya watu wa mugodi: zaidi ya wafanya kazi 12,000 wa migodi 8 ya Marekani. Waliofanya kazi chini ya udongo pamoja na mashine za mazutu walikufa kwa kansa ya mapafu zaidi ya inavyotazamiwa. Kwa hiyo, ikiwa mashine ya chini inaweza kubadilishwa ikawa ya batri, munganga gani atakataa?

Lakini tazameni: hiyo ni mashine ya chini ya udongo, pahali hewa inapoletwa kwa feni. Si motokari ya bwana inayopita barabarani juu.

Na sasa tunafika penye jambo lenyewe.

Chukueni karatasi na kalamu. Kituo kimoja cha namna ile ya Marekani, motokari nne zikijaza kwa mara moja, kinataka kilowati 600. Resho moja ya jikoni inataka kilowati moja na nusu. Gawanyeni: kituo kimoja, zote nne zikiwa zinajaza, ni sawa na resho 400 zinazowaka pamoja. Resho 400 ni kambi nzima ikipika bukari ya jioni.

Tufanye hesabu nyingine. Motokari moja ikikaa kwenye nguzo ile nusu saa, inaweza kubeba kilowati-saa 75. Itatoka Lubumbashi ifike Kolwezi bila shida. Mama mmoja akipika kwa resho saa mbili kwa siku, anatumia kilowati-saa 3. Kumbe nusu saa ya motokari moja ni siku 25 za jiko moja.

Kwa nini msaidizi wa munganga anahesabu majiko? Kwa sababu mama asipopata umeme hakai na njaa, anawasha mbabula. Shirika la Afya la Dunia linahesabu kama katika mwaka wa 2020 watu milioni 3 na laki 2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majiko ya nyumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walipita 237,000. Tunawaona watoto hao. Mtoto wa miezi minane yuko mgongoni, mama anainama juu ya moto, kichwa cha mtoto kiko palepale moshi unapopanda. Anakohoa wiki moja, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, pua zinapanuka, ndipo analetwa kwetu usiku. Makala yanatoa moshi kidogo kuliko kuni, na ndiyo sababu watu wanayaamini na kuyaingiza ndani ya nyumba katika baridi ya Juni na Julai. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu wanalala na kichwa kinachouma, na wengine hawaamki. Nasema tena kwa anayesoma leo kwa mara ya kwanza: mbabula haiingii chumba cha kulala, hata mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo.

Na makala yenyewe yanatoka wapi? Mzee aliyefika Lubumbashi akiwa kijana anakumbuka miti ilikuwa karibu. Leo magunia yanakuja kwa lori kutoka mbali.

Basi ikiwa umeme ni haba, na mtu ananiuliza ni mapafu gani tuyasaidie kwanza, sitajibu kama ni ya wale wanaotembea nyuma ya motokari. Nitajibu kama ni ya mama na mtoto jikoni. Motokari moja ya umeme barabarani inaondoa moshi wa motokari moja katika hewa ya wazi, nao unapeperushwa na upepo. Umeme ule ule katika nyumba 25 kwa siku moja unaondoa mbabula 25 karibu na pua za watoto.

Kuna watakaosema: umeme haukosi juu ya motokari, unakosa kwa sababu nyingine. Ni kweli. Delestaji inatoka katika mashine za zamani zinazongoja kutengenezwa, katika njia ndefu za waya, na katika kabine zinazoungua kwa kubebeshwa nyumba mara tatu ya zile zilizotazamiwa. Makampuni ya mugodi yenyewe hununua umeme Zambia, na ukame ulipopiga huko katika mwaka wa 2024 na maji ya Kariba yakashuka, wengi waliona taabu. Pahali pengi grupu za mazutu zinanguruma ili kazi isisimame. Sasa ukijaza motokari ya umeme kwa grupu ya mazutu, umefanya nini? Umeutoa moshi nyuma ya motokari ukauweka nyuma ya nyumba.

Wengine wanasema kwa uchungu: sisi tunachimba, wao wanapanda; hata katika hili tutaambiwa tungoje? Uchungu huo naujua, na si wa bure. Wazee wetu waliona nguzo kubwa za chuma zikija kutoka Inga, kilometa 1,700 hadi Kolwezi, mpaka njia ile ikaanza kazi katika mwaka wa 1982. Umeme ulipita juu ya vijiji vingi, na vijiji vikabaki na taa za mafuta chini yake. Lakini ndiyo sababu hasa ninaogopa mpango wa haraka wa nguzo za motokari. Utakuwa Inga ya pili, ndogo, ndani ya mji: waya mnene unaopita mbele ya nyumba za giza ili ufike pahali panaposimama motokari za watu wachache. Heshima ya mchimbaji si kuona nguzo inayong'aa kwenye kona ya barabara. Ni mtoto wake asipumue makala.

Sisemi kama nguzo zisije kamwe. Kuna aina mbili ninazozikubali leo, na moja ninayoikubali kwa sharti.

Ya kwanza ni ya mabasi ya kazi. Basi la watu 50 likienda na kurudi kilometa 40 kwa zamu moja linatumia kadiri ya kilowati-saa 50, ni kusema kilowati-saa moja kwa kila mtu. Mtu akienda safari ile ile peke yake katika motokari ndogo ya umeme, anatumia karibu mara nane. Tena basi la mazutu ndilo linalosimama na injini ikiwaka kwenye mlango wa kambi saa kumi ya asubuhi, watoto wakiwa wamelala nyuma ya ukuta. Basi linarudi garaje kila siku, linajulikana saa yake, linajazwa na fundi mmoja anayejua kazi yake. Halihitaji kituo kila kilometa 80.

Ya pili ni ya pikipiki. Hapa nawaomba watu wa taksi-moto wasikie vizuri, kwa sababu pikipiki za umeme zitakuja mbele ya motokari, bei yake iko karibu na mfuko wa kijana. Katika mji wa New York, mwaka wa 2023, watu 18 walikufa kwa moto wa batri za lithiamu, nyingi zikiwa za baiskeli na pikipiki za umeme zilizokuwa zinajazwa ndani ya nyumba, karibu na mlango, watu wakiwa wamelala. Batri ya namna ile ikishika moto haifanani na moto wa karatasi. Inatoa gesi ya sumu inayounguza koo, inawaka upya baada ya kuonekana imezimika, na ikiwa iko mlangoni inafunga njia ya kutoka. Katika Februari 2024 mji ule ulianza kujaribu makabati ya kujazia batri barabarani, nje ya nyumba, kwa ajili ya wale wanaopeleka chakula. Hapo nguzo ya wote inaokoa maisha, na haitaki umeme mwingi: makabati ya pikipiki kumi yanakula kadiri ya resho chache tu. Hilo lingefaa Kolwezi kesho.

Ya tatu ni ya motokari katika barabara kubwa na mijini. Sharti langu ni kabine. Kampuni au mfanya biashara anayetaka kusimamisha nguzo katika mtaa asiruhusiwe kuifunga kwenye kabine ile ile inayolisha nyumba na tayari inalia. Alete kabine mpya, yenye nguvu ya kutosha nguzo na mtaa, na nyumba zihesabiwe ndani ya mpango mbele ya motokari. Akikubali, nguzo yake inakuwa njia ya umeme kufika jikoni, nami nitaipigia makofi. Akikataa, tunajua alikuja kwa ajili ya nani.

Liko jambo la waya pia. Katika miji ya Marekani na ya Uingereza wevi wanakata kamba za nguzo usiku ili wauze shaba iliyo ndani. Kumbe hata huko shaba haina usingizi! Sisi tuliozoea kuona waya za njia ya reli na za umeme zikikatwa hatushangai. Nguzo isiyo na mlinzi wala taa ni mwaliko, na mwenye kukata waya uliokufa leo atakata ulio na umeme kesho. Tumekwisha kuona mikono iliyoungua hivyo: ngozi ni kidonda kidogo cha kuingilia, na ndani nyama imepikwa mpaka kwenye kiwiko.

Kwa sasa, mbele ya nguzo yoyote kufika, batri ziko tayari nyumbani mwenu, za simu, za taa za jua, za pikipiki kwa wachache. Usijaze batri kubwa katika chumba cha kulala wala katika njia ya mlango. Iweke nje, kivulini, juu ya simenti, uwe macho. Batri iliyovimba, iliyoanguka au iliyoingia maji isijazwe tena. Usiunganishe waya mbili kwa kuzisokota na kuzifunga plastiki. Waya ukiwa na joto mkononi, zima. Nyumba yenye konta iwekewe diferansiele, kile chombo kinachokata umeme mara tu unapopita katika mwili wa mtu. Bei yake ni ndogo kuliko maziko. Na zile batri za maji makali za lori mnazojaza garajeni zinatoa gesi inayolipuka: hakuna sigara, hakuna cheche, dirisha wazi, miwani machoni.

Wajumbe wa komite ya usalama na usafi wa kazi wanaweza kuuliza jambo moja katika mkutano wao unaokuja: umbali wa mabasi yetu kwa kila zamu, na nguvu iliyobaki katika kabine ya garaje saa ya usiku. Namba hizo mbili zikipatikana, fundi wa umeme atasema kwa siku moja kama basi moja la kujaribu linawezekana. Pahali pa nguzo yake napataka pawe nje ya garaje, chini ya paa, mbali na tanki za mazutu, pamoja na mchanga, maji mengi karibu, na ufunguo wa kuzima umeme uwekwe kwenye ukuta wa upande wa pili, pahali mtu anaweza kuufikia bila kupita karibu na moto.